Nilikwenda Kujifunza Mashine, Nikafundishwa Karatasi

Nikiwaambia watu kuwa niko kwenye uanagenzi wa mashine za kuchapa za dijitali, wengi hudhani kazi yangu ni kubonyeza kitufe na kusubiri. Mama mmoja mteja aliniuliza waziwazi, huku akinitazama napanga karatasi kwenye trei: "Sasa mwanangu, hii si fotokopi tu?" Sikumbishia. Kwa upande mmoja yuko sahihi kuliko anavyojua, na nitafika huko. Lakini ingekuwa fotokopi tu, wiki zangu za mwanzo nisingezimalizia stoo, nikibeba marimu na kukunja vipande vya karatasi siku nzima bila kuruhusiwa hata kufungua mlango wa mashine.

Ofisi yetu iko Kariakoo, upande wa Gerezani. Anayelifahamu eneo hilo anajua kwamba mtaa mzima unachapa kitu fulani: kadi, stika, mihuri, fulana, vikombe, mabango, vitabu vya risiti. Ukishuka tu kwenye mwendokasi kuna kijana atakuuliza, "Dada, kadi? Bango?" kabla hujajua unaelekea wapi. Mimi nilifika pale na stashahada ya TEHAMA mkononi, nikitegemea kukaa kwenye kompyuta. Mzee anayenifundisha (ofisi nzima tunamwita Mzee, hata bosi) alikiangalia cheti, akakirudisha, akaniambia nimfuate nyuma.

Mzee si mtu wa kompyuta. Ujana wake wote ulikwenda kwenye mashine za ofseti, zile Heidelberg GTO ambazo mpaka leo zinanguruma nyuma ya maduka mengi mjini: pleti (bamba lenye picha ya kuchapwa), wino wa kopo, na kushinda ukisawazisha maji na wino. Alinipa vipande viwili vya kadi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. "Kunja hiki hivi, na hiki vile. Niambie kipi kinakataa." Kimoja kilikunjika vizuri, mkunjo ukanyooka. Cha pili kilinikatalia, na nilipokilazimisha kikapasuka juu ya mkunjo na kuacha nyuzi nyeupe zimesimama.

Karatasi ina mwelekeo. Inapotengenezwa kiwandani, uji wa nyuzi unakwenda mbio juu ya wavu, na nyuzi nyingi hulala kufuata safari hiyo. Ukikunja kwa kufuata nyuzi inatii, ukizikata inagoma. Kwenye ofseti hilo ni tatizo dogo, kwa sababu wino ni utando mwembamba mno. Kwenye mashine yetu ni balaa, maana tona, ule unga wa rangi, ni plastiki iliyoyeyushwa ikakaa juu ya karatasi. Ukikunja vibaya kadi yenye rangi nzito, plastiki inavunjika na mstari mweupe unatokea katikati ya kadi ya harusi ya mtu. Ndiyo maana kadi nene hupigwa krizi, yaani mfereji wa kuongoza mkunjo, kwanza kabla ya kukunjwa, na ndiyo maana fundi anayejua kazi anauliza mkunjo utakuwa wapi kabla hajachagua karatasi, wakati faili bado haijafunguliwa.

Paketi nyingi zina dalili. Karatasi ya milimita 320 kwa 450 ikiandikwa namba ya 450 mwishoni, au namba hiyo ikapigiwa mstari, nyuzi zinafuata urefu. Lakini Kariakoo karatasi nyingi huuzwa rejareja, paketi imeshafunguliwa na lebo haipo. Hapo unachana: ukifuata nyuzi mchano unanyooka, ukizikata unakwenda ovyo. Au unalowesha kipande upande mmoja na kukitazama kinavyojikunja kama bomba, na hilo bomba ndilo linalokuonyesha nyuzi zilipolala. Nimechana karatasi nyingi kiasi kwamba bosi alianza kuuliza kulikoni.

Somo la pili lilikuwa hewa, na hapa Dar es Salaam somo hilo halina likizo. Karatasi hunyonya unyevu na kuutoa, mchana na usiku, kwa kadiri hewa inavyobadilika. Watengenezaji wa mashine na karatasi hupendekeza chumba chenye unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 55. Hewa ya pwani hupita hapo bila jitihada, na asubuhi za masika hupita mbali sana. Rimu iliyoachwa wazi usiku kucha hulegea kingoni na kuwa na mawimbi. Ukiiweka kwenye trei asubuhi, ama zinaingia mbili mbili, ama zinakwama, ama zinatoka na rangi yenye mabaka ambayo hakuna kitufe cha kuyaondoa.

Ili nielewe kwa nini, Mzee alinifungulia mashine na kunionyesha safari ya karatasi kwa tochi, na maelezo ya ndani zaidi nikayasoma mwenyewe. Ndipo yule mama wa fotokopi anaporudi. Mashine hizi za tona zote ni wajukuu wa jaribio moja lililofanywa Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938. Chester Carlson, aliyekuwa akifanya kazi ya hataza na kuchoshwa na kunakili nyaraka kwa mkono, alikuwa na msaidizi wake, Otto Kornei. Walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka likashika chaji ya umeme. Wakaweka juu yake kioo chenye maandishi ya tarehe ile na jina la mahali, wakawasha taa kali. Mwanga ulipopita, chaji ikaondoka. Chini ya maandishi ikabaki. Wakanyunyiza unga laini, ukanasa kwenye maandishi tu. Wakauhamishia kwenye karatasi ya nta na kuipasha moto. Hiyo ndiyo kazi yote. Kampuni nyingi zilimkatalia, na hadi Xerox 914 inaingia sokoni mwaka 1959, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20. Mashine hiyo ilikuwa na tabia ya kuunguza karatasi, kiasi kwamba iliambatanishwa na kizima moto kidogo. Ninapoona watu wanailalamikia mashine yetu kwa kukwamisha karatasi, huwa nakumbuka hilo na kunyamaza.

Rangi ilichelewa. Mwaka 1993 ndipo zilipojitokeza mashine mbili za dijitali za rangi za kuchapia kibiashara: Indigo ya Benny Landa kutoka Israel, iliyotumia wino wa majimaji, na Xeikon kutoka Ubelgiji, ya tona kavu. Yetu ni ya tona kavu. Ina dramu nne, yaani silinda zinazoshika chaji, moja kwa kila rangi: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kila dramu inachajiwa, leza inachora juu yake, tona inanasa palipochorwa, halafu rangi nne zinapangwa juu ya mkanda mmoja. Mkanda unakutana na karatasi, umeme unaivuta tona ihamie kwenye karatasi, kisha fyuza yenye joto linalokaribia au kupita nyuzijoto 180 za Selsiasi inaiyeyusha ishike.

Sasa weka karatasi yenye unyevu katikati ya safari hiyo. Umeme uliotakiwa kuvuta tona unapotelea kwenye maji yaliyomo ndani ya karatasi, na tona inabaki nyuma: hayo ndiyo mabaka. Ile iliyofanikiwa kuhama inaingia kwenye fyuza, maji yanageuka mvuke ghafla, na kwenye karatasi ya kung'aa mvuke unakosa pa kutokea, unatengeneza malengelenge. Karatasi ikitoka pale imekauka na kusinyaa kidogo. Ukiirudisha kuchapa upande wa pili, haina tena ukubwa iliokuwa nao upande wa kwanza, na fremu ya mbele haikutani na fremu ya nyuma. Mtu wa kompyuta atakaa nusu saa akirekebisha namba kwenye skrini. Mzee anaishika karatasi, anaitikisa karibu na sikio, anasema, "Hii imelala nje." Kavu hulia kwa sauti ya juu, yenye unyevu ina sauti nzito. Mwanzoni nilidhani ananitania. Siku hizi nami naisikia, ingawa si kila mara, na kwa gramu 80 bado nabahatisha.

Kwa hiyo jioni zetu zina utaratibu. Karatasi zote hutolewa kwenye trei na kurudishwa kwenye vifungashio vyake. Bosi huzima kiyoyozi usiku kuokoa umeme, na simlaumu, yeye ndiye anayelipa. Ila mashine haizimwi kwenye swichi ya ukutani, kwa sababu vipasha joto vya ndani vinahitaji umeme ili trei zisinyonye unyevu. Asubuhi tunawasha kiyoyozi na kuiacha karatasi ya kazi ya kwanza itulie ndani ya chumba ikiwa bado imefungwa. Baada ya hapo ndipo tunasawazisha rangi: mashine inachapa vijiboksi, tunavipima kwa kifaa, kompyuta yake inajirekebisha. Wateja wa saa mbili asubuhi hawapendi kabisa hatua hii. Wanaona mashine imewaka, taa ya kijani ipo, na sisi tunachapa vijiboksi.

Ukweli ni kwamba dijitali imemzoesha mteja vibaya. Enzi za ofseti, Mzee anasema, mtu alileta kazi Jumatatu akijua ataichukua Ijumaa, kwa sababu pleti nne zilihitaji kutengenezwa na hapakuwa na maana ya kuzitengeneza kwa nakala 50. Sasa nakala moja inawezekana, basi imekuwa haki. Mtu anakutumia kazi WhatsApp akiwa ndani ya daladala na anataka aikute tayari. Tena anatuma kama picha, WhatsApp inaibana, na nembo inatufikia imekuwa vumbi. Nimeshaandika maelekezo na kuyabandika kaunta: tuma kama dokumenti, hifadhi PDF, rangi ya pembeni ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3. Hakuna anayeyasoma. Kila siku naongeza zile milimita 3 mwenyewe.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya msiba. Ndugu anakuja jioni, mazishi ni kesho, anahitaji vitabu vya ratiba ya ibada na wasifu wa marehemu. Anakuja na maandishi kwenye simu na picha moja, mara nyingi ya pasipoti, au iliyopigwa kutoka kwenye albamu na taa ya simu imeng'aa katikati ya paji la uso. Kitabu cha kushona katikati kinataka kurasa zinazogawanyika kwa 4, na familia ina maandishi ya kurasa 9. Hapo unakuwa mhariri bila kuomba: tuziweke nyimbo pamoja? Tuongeze picha za wajukuu zifike 12?

Lakini ugumu hasa uko kwenye uso. Bluu ya nembo ikibadilika kidogo, kampuni itasamehe au haitagundua. Rangi ya uso wa baba yake mtu haina msamaha. Anaijua kuliko kifaa chochote cha kupimia. Na ngozi nyeusi kwenye rangi nne ina mtego wake: sayani ikizidi kidogo tu, uso unakwenda kwenye kijani au kwenye majivu, na familia inaona ugonjwa ambao wamekuwa wakiuguza kwa miezi. Ukirukia kuongeza mwanga, uso unapauka na kupoteza umbo. Mzee alinielekeza nipunguze sayani kidogo kidogo kwenye maeneo ya kati, niache vivuli vipumue, halafu nichape nakala moja na kwenda nayo mlangoni, kwenye mwanga wa mchana au kilichobaki cha mchana. Skrini inatoa mwanga na karatasi inaupokea tu, kwa hiyo kinachopendeza kwenye skrini si ahadi. Chini ya taa za bomba za ofisini kila kitu kina ubaridi fulani. Nakala ile anapewa ndugu, anaitazama, anasoma majina ya watoto kwa mpangilio, anaweka sahihi. Dada mmoja aliishika kwa muda mrefu akasema tu, "Ndiye." Tukachapa.

Harusi nazo zina adabu yake. Kabla ya kadi ya mwaliko kuna kadi ya mchango, miezi kadhaa mapema, kisha mwaliko wenyewe, wenye jina la mgeni na neno Singo au Dabo, na siku hizi msimbo wa kuskani mlangoni. Zamani jina liliandikwa kwa kalamu na mwanakamati mwenye mwandiko mzuri. Sasa kamati inaleta orodha kwenye Excel na mashine inachapa kila kadi na jina lake. Hapa ndipo ujuzi wangu wa TEHAMA ulipopata kazi, na nakiri nilifurahi. Orodha hizo zina vituko: Mchungaji ameandikwa Bwana, mjane ameandikwa Bwana na Bibi, mtu mmoja yumo mara mbili kwa tahajia tofauti, tena mara moja Singo na mara moja Dabo. Kwenye ofseti ukikagua nakala ya kwanza umeshazikagua nyingi zinazofuata. Huku kila nakala ni ya kwanza na ya mwisho, inabidi zisomwe zote.

Bado karatasi ikanifuata hata huko. Tuseme kadi ni 200 za ukubwa wa A5, zinaingia nne kwenye karatasi moja, jumla karatasi 50. Ukiweka wageni wa kwanza hadi wa nne kwenye karatasi ya kwanza, ukishakata unabaki na marundo manne yaliyochanganyika, na kamati inataka orodha ifuatane ili igawe kwa makundi. Mzee alichora boksi nne kwenye kipande cha karatasi: rundo hili mgeni wa 1 hadi 50, hili 51 hadi 100, na kuendelea. Karatasi ya kwanza inabeba namba 1, 51, 101 na 151. Ukikata, unapandanisha marundo manne na orodha imenyooka yenyewe. Hajawahi kufungua Excel maishani mwake. Alifikiria kisu kinapopita, basi.

Posho yangu ni ya nauli na chakula, na sitajifanya kuwa inatosha. Kuna pia wateja wanaonisalimia vizuri, "Habari dada," halafu wananizunguka kwa macho wakiuliza fundi yuko wapi. Mzee huwa hawajibu. Ananinyooshea kidole na kuendelea kukata. Kinachonikera zaidi ni wale wa vyuoni wanaokuja fildi na kuomba kabisa wasiwekwe stoo kwa sababu "sisi tumesoma dizaini". Wanakaa kwenye kompyuta wiki zote, wanatengeneza kazi nzuri za kutazama, na wanaondoka bila kujua kwa nini kadi yao nzuri ya rangi nyeusi tupu ilipasuka kwenye mkunjo.

Mashine yetu inahesabu. Kila ubavu wa karatasi unaopita ni hesabu, na kwa mkataba wa huduma hesabu hiyo ni pesa, rangi ikiwa ghali kuliko nyeusi. Ofisi nyingi za mtaani hazina mkataba. Zinanunua mashine za mtumba, nyingi zikipitia Dubai, na kujitegemea kwa vipuri na tona za kubahatisha. Na sisi tunaongeza moja ya namna hiyo, kwa sababu msimu wa kalenda na kadi za mwisho wa mwaka mashine moja haitoshi. Bosi ametuomba mimi na Mzee tukaikague ghalani kabla hajalipa.

Nimeandaa orodha yangu: kusoma hesabu ya mashine na kuona fyuza na mkanda vilibadilishwa lini, kuchapa ukurasa mzima wa kijivu kwa kila rangi ili michirizi ya dramu ijitokeze, kuchapa fremu pande zote mbili na kuitazama dhidi ya mwanga. Mzee aliisoma, akasema sawa, akaongeza kitu kimoja: twende na karatasi yetu wenyewe, kwa sababu muuzaji atakuwa na rimu mpya ya gramu 80, na kwa gramu 80 kila mashine ni nzuri. Akaniachia mimi nichague. Nimeweka pembeni kadi ya gramu 300 ya kung'aa, ile iliyobaki stoo tangu masika na paketi yake imechanika kona moja. Ikipitisha hiyo pande zote mbili, bosi alipe.